Kwenye darubini ya eksirei, pesa ya vioo isiguswe

Tangu ilipopendekezwa mwaka 2024 bajeti ya Chandra, darubini ya eksirei ya NASA iliyo angani, ikatwe, kuna maneno nayasikia kila mara na yananikera kweli: eti yenyewe ni ya 1999, imezeeka, ijayo itengenezwe kwa vioo vyepesi vya bei nafuu, picha ikipoteza ukali kidogo si neno, kompyuta zitaisafisha. Hapana jamani. Fotoni, yaani chembe za mwanga, zikishachanganywa na kioo, kompyuta inabaki kubahatisha.

Na watu wanaongea hivyo kwa sababu hawajakaa wakakifikiria kioo chenyewe. Eksirei ikikipiga kioo uso kwa uso inazama humo humo, hairudi. Inabidi ikiparaze tu, kwa pembe isiyofika hata digrii moja. Weka jicho usawa wa ukingo wa meza, hata meza isiyong'aa, tazama taa iliyo upande wa pili, utaiona imejichora pale juu ya mbao, ukiinua kichwa inapotea. Ndiyo maana vioo hivi vinafanana na mapipa yasiyo na kitako wala mfuniko, moja ndani ya lingine. Siku moja nilikata manila nikaikunja nikaipachika hivyo hivyo, nikachungulia kwa mbele: karibu yote ni tundu, karatasi inaonekana kama uzi wa duara tu. Hapo ndipo iliponiingia, yaani kioo cha Chandra kina urefu wa sentimita 80 na ushee lakini upande unaoelekea nyota ni huo uzi!

Sasa kuna njia mbili. XMM-Newton, ya Ulaya, ina darubini tatu, kila moja vioo 58 vyembamba vya nikeli vilivyopakwa dhahabu, inakusanya fotoni nyingi ila picha ina ukungu. Chandra ina jozi nne tu, vioo vinene, vimesuguliwa mpaka vilima na mabonde yake ni ya atomi chache, vikapakwa madini ya iridiamu. Ni ghali, vinakaribia tani nzima, na nakubali, shingo upande, kwamba ukitaka fotoni nyingi kwa haraka XMM inaishinda.

Kamera nayo ina yake, mwanzoni vioo vya Chandra vilielekeza hata protoni za mikanda ya Van Allen, ile mikanda ya mionzi inayoizunguka Dunia, kwenye kamera ikaumia, sasa ikipita huko inasogezwa pembeni kwanza. Na mlango ulio mbele ya kifaa cha XRISM, darubini ya eksirei ya Japani, uliogoma kufunguka unatosha kuonyesha kwamba kitu kidogo kinaweza kukunyima nusu ya ulichokifuata.

Ila ukali ndio roho yenyewe. Agosti 1999 Chandra ndiyo kwanza imefungua macho, inaelekezwa Cassiopeia A, mabaki ya nyota iliyolipuka ambayo darubini za eksirei zilishaitazama miaka na miaka. Na pale katikati, kitone kimoja. Kilikuwepo muda wote! Kimezama kwenye mng'ao wa gesi, hakuna aliyekitambua mpaka ukali ulipofika nusu sekunde ya pembe (digrii moja ina sekunde 3600), na leo tunajua ni nyota ya nyutroni, kiini cha ile iliyolipuka. Watu wakarudi kwenye data za zamani za Einstein na ROSAT, darubini za eksirei zilizotangulia, wakakikuta humo, hafifu, kwa kuwa sasa walijua pa kutazama.