Tupeni Ukumbi wa Mazoezi, Watazamaji Tutawaleta

Kila panapozungumzwa tamthilia Nairobi hakukosi mtu wa kusema watazamaji wamekwisha. Eti watu wamezoea vichekesho vya simu, eti hakuna Mkenya wa kulipia tiketi akakae saa mbili akisikiliza watu wakijibizana. Huwa sibishani sana, maana wengi wa wasemaji hawa mara ya mwisho kuonana na jukwaa walikuwa kidato cha nne wakionyeshwa kitabu teule. Watazamaji wapo. Kikundi cha Heartstrings kimejaza viti kwa vichekesho vyao miaka nenda miaka rudi. Kikundi cha Too Early for Birds kilipoanza mwaka 2017 kusimulia historia ya Kenya jukwaani, vijana walikuja. Ngaahika Ndeenda, tamthilia ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ, iliporejea mwaka 2022 katika Kenya National Theatre, miaka 45 baada ya serikali kuizima katika kijiji cha Kamirithu, Limuru, watu waliitazama kwa Kikuyu na wengine wakaitazama kwa Kiingereza.

Kinachotumaliza sisi wa vikundi vidogo ni mahali pa kufanyia mazoezi.

Onyesho ni Ijumaa hadi Jumapili. Kabla ya hapo kuna wiki sita, wakati mwingine nane, za kusoma maandishi pamoja, kupanga nani asimame wapi, kumeza mistari, kugombana, kupatana na kurudia. Ukumbi wa kuonyeshea unaukodi mara moja, unalipa huku umefumba macho, mambo yanaisha. Hizo wiki za mazoezi ndizo zinazotaka chumba chenye sakafu na paa, jioni watu wakitoka kazini, kwa bei ambayo haitamla muuza mitumba faida yake ya wiki nzima. Chumba hicho Nairobi ni adimu.

Namtaja muuza mitumba kwa sababu yumo kikundini kwetu. Tuko watu kumi na kitu, wengi wa Eastlands, mitaa ya mashariki mwa Nairobi: muuguzi anayebadilishana zamu na wenzake ili asikose Jumamosi, walimu wawili walioajiriwa na bodi ya shule, fundi wa stima ambaye ndiye mtu wetu wa taa, wanafunzi wa chuo, na huyo wa Gikomba anayetutafutia maleba. Koti la Torvald, mhusika wetu mmoja, alilitoa kwenye beli la nguo za baridi na mpaka leo hatujui lilikuwa la mwanamume au la mwanamke. Ofisi hatuna. Tuna cheti cha usajili, namba ya till ya kupokelea malipo kwa simu, na mlango.

Mlango nitaueleza. Kwa miaka kadhaa kuwaigizia wanafunzi vitabu teule, vile wanavyotahiniwa, ndiko kumetulisha, na tamthilia mojawapo ni A Doll's House ya Ibsen. Inaishia Nora akimwacha mumewe Torvald na kufunga mlango nyuma yake, na kishindo cha mlango huo kisiposikika basi hujafanya kitu. Kwa hiyo mandhari yetu karibu yote ni mlango wa mbao na fremu yake, kazi ya fundi wa jua kali, wenye bawaba tatu na kitasa kinachokwama. Husafiri juu ya kerea ya matatu. Makanga nao wana bei zao. Kuna mmoja alitaka tuulipie viti viwili. Tulipomwambia mlango haukai, alisema, "Basi ulale hapo chini, lakini watu wakiukanyaga msinilaumu."

Tukifika shuleni tunausimamisha kwenye bwalo ambalo bado linanukia githeri, mbele ya wanafunzi mia kadhaa wanaoijua hadithi kutuliko. Shule ya wasichana, Nora akitoka, wanasimama juu ya mabenchi kwa vifijo. Shule ya wavulana hukosi sauti kutoka nyuma: "Na watoto je?" Tamthilia ya Kiswahili, Bembea ya Maisha, ndiyo inayotia hofu zaidi, maana hiyo wameikariri kwa ajili ya mtihani. Ruka mstari mmoja, benchi la mbele litakumalizia.

Wapo wasanii wanaodharau kazi hii, wakiona kwamba kitabu teule si sanaa. Mimi nasema hakuna ukumbi mjini wenye watazamaji wakali kama bwalo la shule, na hakuna shule ya uigizaji iliyonifunza kusikiliza jukwaani kama wale watoto. Lakini soko lenyewe linageuka. Darasa la mwisho la mfumo wa zamani wa 8-4-4 litafanya KCSE, mtihani wa kidato cha nne, mwaka 2027, na gredi ya 10 tayari imeanza na mtaala wake, ambao una mkondo wa sanaa na michezo na ndani yake somo la uigizaji na filamu. Walimu watahitaji watu wa kuwaonyesha wanafunzi kazi hii inavyofanywa. Kikundi ambacho hakina hata mahali pa kukutana Jumanne kitajiandaa vipi kwa hilo?

Njia nyingine ya kula ni tamthilia za uhamasishaji. Shirika linakuja na ujumbe wake, mnaupa mwili, mnazunguka mitaani na spika, watu wanakusanyika sokoni, mnalipwa. Nimewahi kuigiza mbu. Nimeigiza virusi, na kura iliyoharibika. Silaumu, pesa ile imelipa kodi za watu, na ukumbi wa wazi wa sokoni hukufunza kumshika mtu ambaye hakuja kukutazama. Kasoro yake ni kwamba mradi ukiisha kikundi nacho kinaisha, na waigizaji wanabaki na kilema cha kumaliza kila onyesho kwa kumwelekea mtazamaji na kumpa ushauri. Mwelekezi wetu ana kazi kubwa ya kuwatoa watu kwenye tabia hiyo.

Turudi kwenye vyumba. Tumefanya mazoezi kwenye darasa la shule ambako bawabu alifunga geti saa kumi na mbili kamili, uwe umemaliza kufa jukwaani au bado. Kanisa moja lilitupokea vizuri mpaka mzee wa kanisa alipopita siku tuliyofanyia mazoezi sehemu ya mlevi akauliza ile chupa ni ya nani. Ilikuwa na maji. Haikusaidia. Muda mrefu zaidi tulikaa juu ya gorofa moja Kayole, katikati ya kamba za nguo. Ukitaka kujua kama mwigizaji ana sauti mpeleke huko Jumamosi saa kumi, kanisa la hema likiwa na spika zake upande huu na matatu zikipiga honi upande ule. Watu wetu walijifunza kutoa sauti tumboni bila warsha ya mtu. Lakini kuna ugomvi mzima wa Nora na Torvald ambao mwelekezi aliupanga upya kwa sababu ya mablanketi. Mama wa gorofa ya nne alikuwa ameyaanika, na huwezi kumwendea mama wa watu ukamwambia, "Shikamoo mama, tunaomba utoe blanketi Torvald apite." Tulimzungusha Torvald nyuma ya tangi la maji. Mpaka leo anapita upande huo, hata mahali pasipo na tangi.

Ukiangalia vizuri, historia ya tamthilia katika nchi hii imejaa vita vya funguo za vyumba. Kenya National Theatre ilifunguliwa mwaka 1952, mkabala na hoteli ya Norfolk, na hata baada ya uhuru Waafrika walihangaika kuingia humo. Mwaka 1976 The Trial of Dedan Kimathi ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Mĩcere Mũgo na Betrayal in the City ya Francis Imbuga, tamthilia ambazo Kenya ilikuwa ikizipeleka FESTAC, tamasha la sanaa za Waafrika, kule Lagos, zilibanwa kwenye siku chache kwa sababu ukumbi ulikuwa umetengewa maonyesho ya kigeni. Wakulima na wafanyakazi wa Kamirithu walijijengea ukumbi wao wa wazi. Novemba 1977 leseni ya Ngaahika Ndeenda ikafutwa, na Desemba 31 Ngũgĩ akakamatwa. Mwaka 1982 watu wa Kamirithu walikuja Nairobi na tamthilia nyingine, Maitũ Njugĩra, wakakuta Kenya National Theatre imefungwa. Walihamia chuo kikuu na kuendelea na mazoezi, watu wakajaa kutazama hayo mazoezi yenyewe, mpaka hapo napo wakazuiwa. Mwezi wa Machi ukumbi wa Kamirithu ukabomolewa.

Mwandishi Wahome Mutahi aliliona tatizo hilo akalizunguka: Igiza Productions yake ilipeleka tamthilia za Kikuyu kwenye mabaa, mahali ambapo watu tayari wameketi na wana kinywaji mkononi. Kikundi cha Phoenix Players, ambao ndio waliompa Lupita Nyong'o nafasi ya Juliet katika Romeo and Juliet akiwa na miaka 14, walikuwa na ukumbi wao pale Professional Centre katika barabara ya Parliament, na ni kodi iliyowatoa. Ukiwafuata watu waliopitia mikononi mwao utawakuta kwenye runinga, filamu, redio na matangazo ya biashara. Mahali pamoja palipo wazi kila wiki pamelea wote hao.

Tusijidanganye kwamba habari za funguo ni za enzi za Kenyatta na Moi. Aprili 2025 wasichana wa shule ya Butere walifika Nakuru, kwenye mashindano ya kitaifa ya tamthilia za shule, kuigiza Echoes of War kwa amri ya mahakama, vitoza machozi vikarushwa, wakaimba wimbo wa taifa na kuondoka bila kuigiza. Mashindano hayo ya shule yamekuwapo tangu mwaka 1959.

Sasa, kwa nini tusihame tu mjini? Ukumbi Mdogo pale Kenya Cultural Centre ni mzuri, na mkahawa wa Wasanii pale jirani ndipo nusu ya kazi za mji huu hupatikana, juu ya kikombe cha chai. Lakini ukumbi ni mmoja na vikundi ni vingi. Halafu kuna usiku. Mazoezi yakiisha saa tatu mjini, dada zetu wanaanza safari ya kutafuta matatu ya Kayole au Dandora, nauli imepanda, stejini kuna giza. Tumepoteza waigizaji wazuri kwa sababu hiyo tu, bila kisa kingine. Mwigizaji wa kike akifanya mazoezi dakika kumi kutoka kwao anabaki kikundini.

Na kubaki ndiko kunakojenga kikundi. Watu wa nje huona onyesho. Hawaoni chama chetu cha kuchangiana cha Jumamosi, ambacho kimelipia watu karo na kununua jiko la gesi. Hawaoni kwamba mgeni yeyote, hata awe ametoka chuo na shahada ya uigizaji, anaanza kwa kufagia na kushika maandishi akiwasomea wenzake mistari. Mwenzetu mmoja alipofiwa na mamake tulikodi matatu tukaenda naye hadi Kakamega, na mlango tuliubeba kwa sababu hatukuwa na pa kuuacha. Pesa za maonyesho ya shuleni tunagawana sawa, aliyeigiza Nora na aliyebeba mlango, na suala hilo limetugombanisha kuliko kitu chochote. Waliotuhama kwa sababu ya mgao huo walikuwa na hoja zao. Mimi bado nasimama na mgao sawa.

Ombi langu kwa hiyo si la ruzuku, wala si la warsha nyingine ya siku mbili yenye sambusa. Eastlands ina kumbi za kijamii ambazo ni mali ya umma. Ule wa Kaloleni una historia ndefu: wapigania uhuru walikutana humo mpaka ukapewa jina la House of Commons. Upo wa Jericho, upo wa Makadara. Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, imeweka shughuli za utamaduni, burudani za umma na huduma zake mikononi mwa kaunti, kwa hiyo hakuna haja ya kwenda kumsubiri waziri. Ukumbi wa kijamii hupata harusi Jumamosi na ibada Jumapili. Jumanne jioni kazi yake ni kuhifadhi viti vya plastiki.

Vipeni vikundi vya mtaa jioni hizo, saa kumi na mbili hadi saa tatu, kwa mkataba ulioandikwa. Kikundi kilipe kwa kazi: onyesho moja la bure kwa wakazi kila baada ya miezi mitatu, na mazoezi ya wazi mtoto yeyote aweze kuingia kutazama. Najua pingamizi zitakazoletwa. Mapato? Ukumbi uliofungwa hauingizi shilingi. Uharibifu? Mwandikeni mwenye kikundi jina na namba ya kitambulisho, kiti kikivunjika alipe. Siasa? Wanasiasa wanazitumia kumbi hizo hizo kwa mikutano yao kila uchaguzi ukikaribia, na hakuna aliyewahi kuwataka walete maandishi yao yapitiwe kwanza.

Kama kaunti ina wasiwasi ianze na ukumbi mmoja, Jumanne na Alhamisi, kwa miezi sita, keateka abaki na ufunguo wake. Tokeni za stima tutanunua wenyewe. Tunachohitaji humo ndani ni taa zinazowaka, choo kinachofungika, na kona ya kuegesha mlango mmoja.