Tiketi ya mia mbili ni poa, lakini nani analipa hiyo ingine?

Kila nikikaa na wasanii wa Nakuru hii stori lazima irudi: kundi la maigizo linalojitegemea liuze tiketi 200 ndio mtu wa mitaa ya hali ya chini kama Kaptembwo na Rhonda aingie, ama lipandishe hadi 1,000 ndio waigizaji nao wale? Mimi ni wa 200, lakini wale wa 1,000 wananisumbua akili kwa sababu hawadanganyi.

Tupige hesabu. Watu 100 mara 200 ni 20,000, toa ukumbi, toa sauti, mabango, usafiri wa vifaa, tuseme 12,000 imeenda, imebaki 8,000 na waigizaji ni kumi. Mia nane kila mtu baada ya wiki sita za mazoezi, hata nauli haijarudi. Na fundi wa viatu akifunga kibanda Bondeni saa nane ndio awahi mazoezi, wateja waliopita jioni hiyo hawarudi. Kwa hivyo ule mchezo tunaita wa bei rahisi kuna mtu ameulipia, na ni huyo fundi, huyo huyo tunasema tunamtetea kwa jukwaa.

Kamiriithu, lile kundi la maigizo la kijijini Limuru la kina Ngũgĩ wa Thiong'o, mwaka wa 1977 walilijua hili. Waigizaji walikuwa wakulima na wafanyakazi wa hapo hapo, na mazoezi yalikuwa sanasana Jumamosi na Jumapili alasiri, yakifuata kazi za watu. Sisi tunaita watu Jumanne mchana halafu tunashangaa mbona waliokuja wote ni wanafunzi wa chuo.

Kuna wenye husema tafuta mfadhili yaishe. Kisumu michezo ya ukimwi na malaria kwa pesa ya mashirika imelisha wasanii miaka mingi na siwezi kuidharau, imesaidia watu kweli. Lakini ujumbe unakuja ukiwa umeshaamuliwa, na 2025 Marekani ilipofunga USAID, shirika lake la misaada, tuliona vile hiyo pesa inaweza kukatika bila kuuliza mtu. Setibuku, yaani kuigizia wanafunzi vitabu vya fasihi vya mtihani, afadhali, shule hulipa na kila mwaka kuna watahiniwa, shida ni kwamba ukiigiza kitabu kilekile Januari hadi Oktoba unasahau ulikuwa na skripti yako kwa begi.

Na skripti zenyewe sasa zinaogopwa. Aprili 2025 wasichana wa shule ya Butere walikuja hapa Nakuru kwa tamasha la kitaifa la maigizo, Mahakama Kuu ilikuwa imeamuru waruhusiwe kuigiza, wakakuta polisi na vitoa machozi, wakaimba wimbo wa taifa wakaondoka bila kuigiza. Wale walikuwa watoto wa shule, na bado iliniuma. Baada ya hapo ni mwalimu mkuu gani ataweka jina lake kwa mchezo mkali, ama ni kampuni gani itaweka nembo? Lakini watu 100 waliotoa mia mbili mia mbili mlangoni, hakuna ofisi inaweza kuwapigia simu waondoe pesa yao. Hapo ndipo mimi nasimamia, bei ndogo ndiyo inafanya kundi liwe na mdomo.

Lakini basi huyo fundi asiachiwe bili. Setibuku za asubuhi zilipie ukumbi, mazoezi yawe wikendi, na pesa ya mlango ihesabiwe usiku uleule waigizaji wote wakiwa wamesimama hapo wanaangalia.