Roboti zimeshinda kwa idadi, ila daftari la Evans hatujalisoma vizuri

Kila ikitangazwa supanova mpya kuna hoja inarudi, kwamba zama za mtu kukaa uani na darubini akisaka nyota iliyolipuka zimepita, kazi ni ya kamera na roboti sasa, na anayeendelea kutumia jicho anajifurahisha tu. Hoja hii naielewa na nusu yake naikubali kabisa. Hiyo nusu nyingine ndo imenifanya niandike.

Nianze na ninayoikubali maana haina ubishi. Robert Evans, mchungaji wa Uniting Church kule New South Wales, Australia, ndiye anayetajwa kuwa kinara wa kugundua supanova kwa kutazama kwa jicho kwenye darubini bila kamera, alipata 42, na ilimchukua zaidi ya miaka 20. Kamera ya ZTF pale mlima Palomar, California, iliyoanza kazi 2018, peke yake imeshapita supanova 10,000 zilizothibitishwa aina yake. Darubini ya Vera Rubin kule Chile, yenye kioo cha mita 8.4, inategemewa kutoa taarifa za vitu vilivyobadilika angani kama milioni 10 kwa usiku mmoja. Halafu kuna lile jambo kubwa la 1998, kwamba ulimwengu unapanuka kwa kasi inayoongezeka, lililokuja kupewa Nobel 2011: lilitokana na supanova za mbali mno ambazo hakuna jicho la binadamu lingeziona hata ukilipatia darubini nzuri kiasi gani. Jicho pia linapitwa na supanova iliyo karibu na kitovu cha galaksi (mkusanyiko mkubwa wa nyota) kwa sababu ya mng'ao wa pale katikati, na linaweza kudanganywa na asteroidi inayopita zake.

Na binadamu anachoka. Leslie Peltier, mwanafalaki wa ridhaa wa Ohio, aliichunga nyota moja iitwayo T Coronae Borealis kwa miaka zaidi ya 25 akisubiri ilipuke. Usiku mmoja wa Februari 1946 aliamka saa nane na nusu kwenda kuangalia, akahisi mafua yanamnyemelea, akarudi kulala. Ikalipuka usiku huohuo. Roboti haipati mafua, hilo nalikubali.

Sasa tuje kwenye kile ambacho naona kinaeleweka vibaya. Tunampima Evans kwa zile 42. Hebu angalia alivyokuwa akifanya kazi: kwa miaka ya mwanzo alikuwa na darubini ya inchi 10 nyuma ya nyumba, anaisukuma kwa mkono kutoka galaksi moja kwenda nyingine, na sura za galaksi zaidi ya elfu moja pamoja na nyota zilizozizunguka alikuwa nazo kichwani. Haangalii ramani. Anatazama, anajua papo hapo kama kuna nukta ambayo haikuwepo, anaandika, anasogea. Na hapo kwenye "anaandika" ndo pa kusimama, kwa sababu alikuwa anaandika hata zile galaksi ambazo hakukuta kitu.

Unaweza kuuliza za nini. Fikiria unataka kujua bahari ya kwenu ina samaki kiasi gani. Ukienda sokoni ukahesabu samaki waliopigwa mnada hujajua chochote bado, lazima ujue ngalawa ngapi zilitoka, zilikaa masaa mangapi, na ngapi zilirudi tupu. Ngalawa iliyorudi tupu ni sehemu ya hesabu. Supanova ni hivyohivyo, kujua galaksi inalipua nyota ngapi kwa karne huwezi kutumia orodha ya zilizoonekana peke yake, unahitaji mtu wa kukwambia galaksi fulani niliiangalia usiku fulani na haikuwa na kitu. Ndo maana Sidney van den Bergh na Robert McClure, wanafalaki wa kulipwa, walichukua madaftari ya huyu mchungaji, uangalizi wa galaksi 855 kuanzia Novemba 1980 hadi Oktoba 1988, wakakokotoa nayo kasi ya milipuko kwenye galaksi za jirani, na jina la Evans likawekwa kwenye chapisho kama mwandishi mwenzao. Miaka minane ya usiku ambao mwingi wake jibu lilikuwa hamna.

Sisi watu wa pwani hili lisitushangaze. Jioni ya tarehe 29 watu wanasimama ufukweni kutafuta mwezi mwandamo, na usipoonekana jambo haliishii hewani, tunakamilisha thelathini. Kutoonekana kumeamua tarehe. Ila kutoonekana huko kuna uzito pale tu aliyetazama anajua pa kutazama, na anga lilikuwa safi.

Mfano unaonikaa kichwani zaidi ni wa 1987, na nitakaa hapo kidogo maana ukisimuliwa huwa unakatwa kipande chake bora. Supanova 1987A ililipuka kwenye Wingu Kubwa la Magellan, galaksi ndogo jirani na yetu, umbali wa miaka ya nuru kama 168,000 hivi. Inayosimuliwa ni habari ya usiku wa kuamkia tarehe 24 Februari, kwamba Ian Shelton aliikuta kwenye picha ya kioo pale Las Campanas, Chile, na Oscar Duhalde, fundi wa darubini wa hapohapo, alitoka nje akaiona kwa macho yake, na Albert Jones wa Nelson, New Zealand, akaigundua kivyake. Sawa. Kinachoachwa ni kilichotokea siku moja kabla.

Jumatatu tarehe 23, saa nne na dakika 35 asubuhi kwa saa zetu za Afrika Mashariki, nyutrino, chembe ndogo mno zinazopenya karibu kila kitu, zilifika duniani kutoka kwenye kiini cha ile nyota. Zilipita kwenye miili ya watu wote, waliokuwa shambani, waliokuwa darasani, mabilioni kwa mabilioni, na mitambo mitatu iliyofukiwa ardhini huko Japani, Marekani na Urusi ya wakati ule ikanasa kama 25 tu. Hiyo ndo dakika kiini kilipoporomoka. Mwanga ulikuwa bado, maana wimbi la mlipuko lilikuwa linapasua njia kutoka ndani ya nyota hadi juu. Ulitoka saa ngapi?

Hakuna aliyejua kwamba kuna swali la kujibu. Ila saa sita na dakika kama 20 mchana wetu, ambao New Zealand ni usiku, Albert Jones alikuwa kwenye kazi yake ya kila siku ya kukadiria mwanga wa nyota zinazobadilika, akapita eneo lilelile, na hakuona kitu cha ajabu. Kama pangekuwa na nyota ya daraja la 7.5 pale angeiona (kwenye vipimo hivi namba ikishuka mwanga unapanda). Kama saa moja na robo baadaye Robert McNaught alipiga picha ya eneo hilo akiwa Australia, na nyota ilikuwemo, imeshavuka hapo na kufika daraja la 6 na kitu. Picha ikakaa haijakaguliwa mpaka habari zilipotoka.

Kwa hiyo tuna kengele ya nyutrino, tuna "sijaona kitu" ya Jones, tuna picha ya McNaught, na vyote vimebanana ndani ya masaa matatu hivi. Kwa kubanana huko ikawezekana kusema nyota iliyolipuka ilikuwa ndogo kuliko ilivyodhaniwa, jitu la bluu, kwa sababu ingekuwa jitu jekundu lililovimba wimbi lingechukua karibu siku nzima kufika juu. Ikaendana na picha za zamani zilizoonyesha pale palikuwa na nyota ya bluu. Kipande kimoja cha ushahidi huo ni mtu mmoja wa ridhaa ambaye hakuona kitu, na tunamwamini kwa sababu maishani mwake alifanya makadirio ya nyota zaidi ya 500,000. Mimi ningesema vilevile "sijaona kitu" ingekuwa haina maana yoyote.

Pingamizi zito nalijua, kwamba roboti nazo zinatunza "sijaona kitu", tena vizuri zaidi, kila picha ina saa yake na kiwango cha mwanga hafifu kabisa iliyoweza kunasa, na yeyote anaweza kuirudia kesho, wakati jicho la Jones hatuwezi kulirudia. Ni kweli, na kwa supanova za galaksi za mbali hapo sina cha kutetea. Kama kijana ananiuliza leo aanzie wapi ili apate jina lake kwenye orodha ya wagunduzi, nitamwambia kamera. Koichi Itagaki wa Japani ni mtu wa ridhaa na ana zaidi ya 170, kwa kamera, ikiwemo ile ya galaksi ya M101 ya Mei 2023.

Ila mitambo mikubwa imetengenezwa kwa vitu hafifu. Rubin kwa mfano, nyota ikipita takriban daraja la 15 kwa mwanga inajaza kamera kupita kiasi na kipimo kinaharibika. Na supanova tunayoisubiri kwa hamu kuliko zote ni ya ndani ya Njia Nyeupe, galaksi yetu wenyewe, ya mwisho kuonekana kwa macho ilikuwa 1604. Ikija, kengele ya kwanza itakuwa nyutrino tena, kuna mtandao wa SNEWS kwa ajili hiyo, na tangazo linapelekwa mpaka kwa watu wa ridhaa maana mwelekeo wake hautakuwa sahihi sana na lazima anga kubwa litazamwe haraka na vyombo vidogo na macho mengi. Kwa anga la kusini, giza likiingia kwetu Chile ni mchana na Hawaii ni asubuhi, na darubini za Sutherland, Afrika Kusini, zikifunikwa na mawingu saa hiyo pengo linaweza kutokea. Sisi tupo hapo kwenye pengo.

Mwezi wa kwanza nilikuwa Kilwa, kaskazi imetulia, saa tatu usiku umeme umekatika mji mzima, nikageukia kusini na darubini yangu ya kawaida ya mkononi, ile ndogo ya macho mawili. Wingu la Magellan lilikuwa pale juu ya bahari, kama kipande cha moshi kisichosogea. Nilikaa nalo nusu saa nikijaribu kushika pembetatu moja ya nyota upande wake wa kushoto, nikifumba macho naichora, nikifumbua nakuta nimekosea. Siku ya nne ndo ikakaa. Nyota tatu, siku nne. Evans alikuwa na galaksi zaidi ya elfu. Nimeandika kwenye daftari tarehe, saa, anga safi, hakuna jipya.