Saintpaulia ya miamba ya Kilifi: kitalu au kivuli?

Saintpaulia (ua dogo liitwalo kwa Kiingereza African violet) ya chungu imejaa madirishani huko Ulaya, lakini Saintpaulia rupicola ya mwituni inaota kwenye miamba michache ya chokaa katika Kaunti ya Kilifi, Kenya, ikiwemo Cha Simba na Mwarakaya. Siku hizi wataalamu wanaihesabu ndani ya jenasi ya Streptocarpus. Jina liwe lolote, mmea wenyewe uko hatarini kabisa kutoweka, na wanaoutetea hawakubaliani pa kuanzia: wengine wanataka uoteshwe kitaluni, wengine kivuli chake kilindwe hukohuko miambani.

Wa kitalu wana hoja nzito, maana mmea huu haubishi. Kata jani lililokomaa kwa wembe safi, ubakize kikonyo cha sentimita 3 hivi, ulisimike kwa kulilaza kidogo kwenye mchanga mnyevu unaopitisha maji, kisha ulifunike kwa plastiki mahali pasipopigwa jua. Mizizi hutoka baada ya mwezi hivi, na vimiche huchomoza kwenye mwezi wa pili au wa tatu. Jani likioza, mara nyingi ni maji yaliyozidi au kikonyo kilichozikwa sana.

Urahisi huo ndio mtego. Vimiche mia vya jani moja ni mmea uleule mara mia, kwa hiyo ugonjwa unaoua kimoja unaweza kuviua vyote. Afadhali jani moja moja kutoka kwa mimea mama mingi, kila moja na kibandiko cha mwamba wake. Mbegu ni bora zaidi, ila ni laini kama vumbi na zinataka mwanga: ukizifukia umezipoteza.

Hata hivyo, kwa maoni yangu kitalu ni bima tu. Mizizi ya mmea huu hujishikiza kwenye udongo kiduchu uliokwama ufani. Miti iliyo juu ikikatwa ili kuchoma makaa, jua hupiga mwamba, kuvumwani (uoto mwembamba unaofunika mwamba) hukauka, na majani hugeuka manjano kisha hunyauka. Ukirudisha miche mahali hapo, unaikaanga tu. Ndiyo maana misitu mitakatifu ya kaya, ambako mila ya Wamijikenda inakataza kukata miti, inafaa kuigwa.

Lakini si kila mwamba uko ndani ya kaya. Mwenye shamba anayeuza mawe kwa timbo (machimbo ya mawe) ana watoto wa kusomesha, na kumkataza bila kumpa njia nyingine ya kipato ni kumwomba akate usiku. Pengine atakubali kuacha upande mmoja wa mwamba, ule wenye kivuli kizito, pamoja na miti ya tini inayoushikilia. Timbo likiombewa kibali, ukaguzi wa mimea ufanywe baada ya masika. Wakati wa kiangazi majani hujikunja na kufifia, na mkaguzi aliyepita mbio ataandika kwamba hapo hapana kitu.