Si kila chenye pembetatu ni ndago

Mama yangu hakuwa na huruma na ndago. Akiiona shambani kwetu Hombolo aliichimba mpaka kwenye vile viazi vyake vidogo, maana ukikata juu tu, wiki haiishi imerudi. Nilirithi jembe lake, na chuki ile pia. Kwa miaka mingi kila mmea mwembamba wenye shina la pembetatu kwangu ulikuwa ndago, basi. Kosa hilo tunalo wengi hapa Dodoma, na siku hizi linaniuma.

Panda kilima chochote cha mawe kuzunguka mji huu mwezi Februari. Juu ya jiwe kuna vibonde ambavyo udongo wake hauzidi kina cha kidole, na maji ya mvua hutuama humo siku chache. Hapo ndipo huota ndugu wadogo wa ndago, wasiozidi kiganja kwa urefu. Wengine wana kichwa kimoja cheupe, mviringo kama kifungo cha shati. Wengine wana vishuke vya kahawia juu ya mashina membamba kama uzi. Hawamfuati mtu shambani. Mwezi wa sita wamekauka, na ukipita Agosti utaapa kwamba pale hapajawahi kuota kitu.

Kuitenga familia hii na nyasi ni kazi ya vidole tu. Bingirisha shina: la nyasi ni mviringo na lina vifundo, la ndago na ndugu zake mara nyingi lina kona tatu na halina vifundo, na majani yamejipanga safu tatu. Ugumu uko ndani ya familia yenyewe, Cyperaceae, yenye spishi takribani 5,500 duniani. Hapo unahitaji lenzi na kokwa iliyokomaa, yaani tunda dogo kavu lenye mbegu moja, ambalo mara nyingi ni dogo kuliko punje ya ulezi. Unatazama kama ni bapa au ina pembe tatu, na kama ua lake lilikuwa na stigma, zile ncha za kupokea chavua, mbili au tatu. Mmea usio na kokwa humwacha hata mtaalamu akikisia.

Halafu kuna suala la majina. Wale wenye kichwa cheupe wengi wao waliitwa Kyllinga, jenasi (kundi la spishi za karibu) iliyopewa jina hilo na mtaalamu wa mimea Rottbøll mwaka 1773. Kati ya 2011 na 2014, mtaalamu wa mimea Isabel Larridon na wenzake, wakitumia vinasaba, waliwaingiza ndani ya Cyperus, jenasi ya ndago yenyewe na ya mafunjo. Mimi nakubaliana nao. Ukoo ufuate damu. Lakini kitabu cha mimea ya Afrika Mashariki kinachohusu familia hii kilitoka 2010, kabla ya mabadiliko hayo. Mwanafunzi anayetafuta mmea kwa jina moja tu atapata sehemu tu ya kumbukumbu zake, na ramani atakayochora itakuwa na mapengo. Ndiyo maana kwenye karatasi ya sampuli mimi huandika majina yote mawili.

Mapengo hayo yana madhara. Ili spishi ipimwe kwa vigezo vya Orodha Nyekundu ya IUCN, ile ya viumbe vilivyo hatarini kutoweka, lazima ijulikane imeenea wapi, iko sehemu ngapi, na kama inapungua. Spishi ambayo hakuna aliyeichuma haiwezi hata kuanza kupimwa.

Niliwahi kusoma ripoti ya tathmini ya athari kwa mazingira ya mradi mmoja kwenye kilima cha mawe. Wataalamu walikwenda Septemba. Upande wa mimea waliandika miti michache kwa majina, kisha maneno matatu: "nyasi na vichaka". Sidhani walidanganya. Waliandika walichokiona, na Septemba hakuna cha kuona. Sheria ya mazingira ya 2004 inadai tathmini, nayo ilifanyika. Ila kwa mmea unaoishi miezi minne tu juu ya ardhi, tathmini ile ni sawa na kuhesabu wanafunzi wakati wa likizo.

Hivyo msimamo wangu ni huu: hapa Dodoma, tathmini ya kilima cha mawe au ya mbuga ya udongo mweusi isipokelewe kama hakuna aliyefika hapo kati ya Januari na Aprili. Nafahamu gharama yake. Mvua yetu ni ya msimu mmoja, milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, kwa hiyo anayeomba kibali Mei atasubiri miezi mingi. Nami nyumba yangu imesimama kwa kokoto za vilima hivihivi, siwezi kumwambia mtu asijenge. Namwomba asubiri mvua moja.

Kilima kilicho karibu nasi kimeshaanza kuchongwa upande wa barabara. Upande wa juu bado mzima. Nimeweka magazeti ya kukaushia na kisu cha kung'olea mizizi, kwa sababu mmea uliokatwa juu tu hauna maana kwa Hebaria ya Taifa, hifadhi ya mimea iliyokaushwa, kule Arusha. Mvua ikishika, nitapanda kila Jumamosi hadi kokwa zikomae.