Umiliki wa faili: kujitwalia si sawa na kukabidhi

Mhasibu ameacha kazi na akaunti yake ikafutwa siku hiyohiyo. Mwisho wa mwezi folda ya mishahara inagoma kufunguka. Ukiangalia sifa zake, upande wa usalama, penye jina la mmiliki pana tarakimu ndefu zinazoanza na S-1-5-21, yaani namba ya utambulisho wa akaunti ile iliyofutwa. Windows haimpi mtu mwingine utambulisho wa akaunti iliyofutwa, kwa hiyo hata ukifungua akaunti mpya yenye jina lilelile, kwa folda ile ni mgeni tu.

Hapo msimamizi wa mfumo ana haki ya kujitwalia umiliki, nami namuunga mkono. Mmiliki anaweza kubadili orodha ya ruhusa hata kama yeye mwenyewe hayumo, na kazi ya miaka inaokolewa.

Kinachonisumbua ni kukabidhi. Windows NT ilipotoka mwaka 1993, dirisha la usalama lilimruhusu msimamizi kuchukua faili, si kulirudisha kwa jina la mwingine. Aliyepekua mali ya mtu aliacha jina lake hapo, na mwenyewe akirudi aliliona. Matoleo ya baadaye yanamruhusu kuchagua mmiliki yeyote. Ni nafuu kubwa unapomhamishia mrithi wa kazi maelfu ya mafaili, lakini ni njia pia ya kupekua kisha kufuta nyayo, isipokuwa kama ukaguzi wa folda hiyo, yaani kumbukumbu ya nani alifanya nini humo, uliwashwa mapema. Ofisi nyingi hukumbuka kuuwasha baada ya ugomvi.

Linux, mfumo mwingine wa kompyuta, nayo imebana: mtumiaji wa kawaida hawezi kumpa mwenzake faili kwa chown, amri ya kubadili mmiliki, maana angejaza diski kwa kutumia nafasi aliyogawiwa mwenzake. Ila namba ya mtumiaji aliyefutwa inaweza kupewa mgeni, naye akajikuta amerithi mafaili asiyoyajua.

Kuna hatari nyingine, na hii huumiza watu wasio na nia mbaya. Ukitwaa folda pamoja na zote zilizo ndani yake, Windows inaweza kukuuliza kama ibadilishe ruhusa zilizopo ikupe wewe udhibiti kamili. Ukikubali kwa haraka, orodha ya nani aone mishahara na nani asione imekwenda. Kataa kwanza. Twaa folda ya juu peke yake, isome orodha yake, ihifadhi kwa icacls, amri ya Windows ya kusimamia ruhusa, ndipo ushuke chini. Na kama mwenye folda bado yupo kazini, mwombe aongeze kikundi kwenye ruhusa, umiliki mwachie.