Lord Dunmore aliwakomboa watumwa au aliwatumia tu?

Kila ikija mada ya watumwa na vita vya uhuru wa Marekani, jina la Lord Dunmore, gavana wa Virginia enzi za ukoloni wa Waingereza, lazima lilete ubishi. Kuna wanaosema alitangaza uhuru wa watumwa karibu miaka 90 kabla ya rais Lincoln kwa hiyo apewe heshima yake, na kuna wanaosema ni tapeli tu. Mi nimemfuatilia sana huyu mtu na naona wote wana hoja, ila kuna watu wanasahaulika kwenye huu ubishi na hilo linaniuma.

Jina lake John Murray, Mskochi, kazaliwa 1730. Baba yake alijiunga na uasi wa 1745 wa kuurudisha ukoo wa Stuart kwenye kiti cha ufalme wa Uingereza, wakapigwa, mzee akafungwa halafu akasamehewa. Mtoto akaja kurithi cheo cha Earl wa Dunmore, akautumikia ukoo uleule wa kifalme waliotaka kuung'oa, na 1771 akawa gavana wa Virginia, koloni la tumbaku ambako kama watu wawili kati ya kila watano walikuwa weusi.

Sasa Novemba 1775 walowezi wameshaasi, yeye kaukimbia mji mkuu wake Williamsburg anaishi melini, ndo akatoa tangazo kwamba mtumwa yeyote wa waasi anayeweza kushika silaha na yuko tayari kumpigania mfalme, yuko huru. Mamia wakatoroka, wengine na wake zao na watoto, wakijua kabisa wakikamatwa itakuwaje maana mwezi uliofuata viongozi wa waasi walitangaza adhabu ya kifo. Akawaundia kikosi kikaitwa Ethiopian Regiment. Kwa mtu aliyezaliwa utumwani kupewa bunduki na serikali si jambo dogo jamani, tusilipite haraka.

Ila soma vizuri lile tangazo, limesema watumwa wa waasi. Wa mabwana waliokuwa upande wa mfalme hawakuguswa, na Dunmore mwenyewe alikuwa na watumwa wake zaidi ya 50. Tena Aprili mwaka huohuo, alipochukua baruti ya koloni usiku na mji ukachafuka, walikuja watumwa nyumbani kwake kujitolea kumsaidia akawafukuza! Novemba askari wamemwishia ndo akawakumbuka. Kwa hiyo anayeniambia alifanya kwa huruma, hapana, hapo siwezi kukubali.

Na kilichofuata kinasikitisha. Desemba walishindwa pale Great Bridge, wakarudi kubanana melini, ndui ikaingia. Walipohamia kisiwa cha Gwynn 1776 watu walikufa kwa mamia, weusi ndo wengi zaidi, na alipoondoka Virginia Agosti waliobaki naye walikuwa wachache sana ukilinganisha na waliomkimbilia.

Hata hivyo sikubaliani na wanaosema tangazo halikuwa na maana. Mlango ukishafunguliwa haukufungika tena, 1779 jenerali wa Waingereza, Clinton, akatoa tangazo lingine pana zaidi ambalo halikudai hata kushika silaha. Na waliotoroka hawakudanganywa kama watoto, walikuwa wanampima huyu gavana kuliko sisi tunavyompima leo, walijua anawahitaji na wakaitumia hiyo shida yake kutafuta njia yao. Hao ndo ningependa tuwataje kwanza.

Mmoja wao ni Harry Washington, mzaliwa wa Afrika, mtumwa wa George Washington mwenyewe. Alimkimbilia Dunmore 1776 wakati bwana wake anaongoza jeshi la uhuru. Akanusurika, 1783 akapelekwa Nova Scotia (Kanada ya leo), 1792 akavuka bahari kurudi Afrika, Sierra Leone. Huko kampuni ya Waingereza ikaanza kuwadai kodi ya ardhi ambayo wao walijua wameahidiwa bure, na mwaka 1800 Harry akawa kati ya walioasi, wakashtakiwa, yeye akafukuzwa kwenye makazi akaanza upya ng'ambo ya mto.